Ng'ombe wa Lita Nne

Nimefundisha Sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo niliwaandikisha watoto wa watu kwamba radi haitumwi na mchawi, kwamba bundi ni ndege kama kuku, na kwamba jicho la mtu ni kiungo cha kuonea, basi. Aliyejibu vingine kwenye mtihani nilimnyima alama. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba niliyoyafanya kwenye maonesho sikuyafanya kwa ujinga. Mjinga ana udhuru, hajui. Mimi nilijua.

Marehemu mama yangu, Mbondei wa Muheza, alitulea kwa kanuni moja: kilicho chako usikitaje kwa ukubwa wake. Ukiulizwa minazi imezaaje, sema zimeanguka mbili tatu. Mtoto akinenepa, mwite kimbaumbau. Mgeni akiwakuta mnakula wali kwa kuku, mkaribishe na umwambie leo tunabangaiza tu. Aliogopa kijicho. "Hasidi hana sababu," alikuwa akisema, huku anafunika sufuria. Nilikwenda chuo cha ualimu nikarudi na cheti, lakini ulimi ukabaki wa mama. Hadi leo mtu akiniuliza habari za nyumbani namjibu, "Twajikongoja," hata siku ambayo nimelala vizuri, nimekunywa chai kwa mkate wa kumimina, na sina hata mafua.

Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulijenga banda nyuma ya nyumba yetu hapa Mabawa tukanunua ng'ombe chotara wa maziwa, wa kufungiwa ndani, anayeletewa majani pale alipo. Nusu ya mtaa wafuga hivyo. Wetu wa pili alikuwa anatoa lita kumi na sita kwa siku. Hiyo sentensi fupi imenichukua muda kuiandika, na kabla ya kuiandika niliinuka nikatazama mlangoni kama kuna mtu.

Sasa, ng'ombe wa lita kumi na sita hula. Majani ya tembo yanakuja marefu kuliko mtu, na lazima yakatwekatwe vipande vidogo, asubuhi na jioni, ama sivyo anachambua ya juu na kuyakanyaga yaliyobaki. Mwenye kuyakata alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa na mgongo. Mgongo huo uliniuma alfajiri wakati wa kukata majani, ukaniuma tena alasiri wakati wa kukata majani. Hapo katikati ulikwenda barazani kucheza bao, ukainama kwa saa nne mfululizo na haukulalamika hata kidogo.

Akawa anakata yeye, kwa panga, juu ya kigogo. Kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba. Kwanza akakifunga kitambaa, kisha vidole vikawa havikunjiki, ikafika mahali hawezi kufunga ngumi. Alikamua kwa mkono wa kushoto na akaniletea mimi chupa nimfungulie vifuniko. Daktari alimwambia wazi: aache panga, mkono upumzike, la sivyo utabaki hivyo hivyo maisha. Akamuuliza, "Nyumbani kuna mtu wa kukusaidia, mama?" Mke wangu akanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikajishika mgongo.

Basi siku moja gari la matangazo likapita mtaani. Maonesho ya biashara na viwanda vya mkoa yanakuja, wenye mali njooni mwoneshe mali zenu, na mwaka huu kutakuwa na mashindano ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa mjini. Mshindi atapewa mashine ya kukatia majani. Mke wangu alitoka jikoni mbio, unga mikononi.

"Umesikia, baba watoto?"

"Nimesikia."

"Kumi na sita! Nani hapa mjini atatushinda? Ile mashine unaingizia majani huku, yanatokea kule yameshakatika. Mkono wangu utapona, wallahi utapona."

Kuinunua dukani hatukuweza, akiba yetu ilikuwa imekwishia kwenye paa la banda. Nilimwona anacheka peke yake siku nzima, na usiseme sikumpenda. Nilimpenda, na nilitaka mashine ile aipate. Lakini tangu dakika ile sikuwa na raha. Kwenda kumweka ng'ombe wangu hadharani, kila mwenye macho amtazame, na kisha nitaje kwa kinywa changu, mbele ya kipaza sauti, anatoa lita ngapi! Mama yangu angetoka kaburini.

Na kulikuwa na jirani. Mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye ana ng'ombe. Kabla ya huyu tulikuwa na ng'ombe mwingine, na siku moja mjane yule alikuja kuomba pumba, akaegemea ukuta wa banda akasema, "Ng'ombe huyu! Kiwele kama mtungi!" Hakusema mashallah. Siku ya tatu ng'ombe akaacha kula, ya saba akafa. Ilikuwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na mimi mwalimu wa Sayansi nilikuwa nimepitisha majuma matatu bila kumnyunyizia dawa kwa uvivu tu. Nililijua hilo siku ile ile. Lakini kumlaumu mjane kulikuwa kwepesi kuliko kumlaumu mwenye bomba la dawa, na tangu hapo nikimwona anakuja njia yetu nilishusha gunia mlangoni mwa banda.

Asubuhi ya maonesho mke wangu alimwogesha ng'ombe kwa sabuni, akampaka mafuta ya nazi kwenye pembe, akang'aa. Akaingia ndani kuvaa. Nami nikachota tope na majivu nikampaka mgongoni, mapajani na kwenye kiwele, kisha nikamfunga shingoni kitambaa cheusi kilichokuwa cha kupigia deki. Mke wangu alipotoka na kanga zake mpya alisimama kizingitini.

"Tunakwenda maonesho," akauliza, "au tunakwenda matangani?"

"Ni kinga tu."

"Kinga ya nini?"

"Ya jua," nikasema. Mwalimu wa Sayansi.

Alimfuta alipoweza, kwa mkono mmoja, lakini kirikuu, kile kigari cha mizigo tulichokodi, kilikuwa kinapiga honi tukaondoka vile vile.

Viwanjani watu walijaa. Huku wauza halua, kule kina mama wa pwani na sabuni zao za mwani, hapa kamba na mazulia ya mkonge, pale viungo kutoka milimani. Kila mtu alikuwa anajisifu. Lilikuwa jambo la kutisha. Mzee mmoja wa Kishambaa kutoka Lushoto alikuwa amepanga peasi zake kama mnara, na anapaza sauti: "Peasi kama hizi hamjaziona! Miti yangu haina mfano!" Nikamwonea huruma kwelikweli. Nikawaza, maskini, hata hajui, akirudi nyumbani atakuta imekauka. Nikamtafutia ng'ombe wangu pembe ya mwisho kabisa ya zizi la maonesho, nyuma ya marobota ya mkonge, pasipoonekana na mtu.

"Mbona huku?" mke wangu akauliza.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kitajiuzaje kimefichwa nyuma ya kamba?"

Nikajifanya nahamisha ndoo.

Saa sita waamuzi walifika na umati wa watazamaji, wakiongozwa na afisa mifugo, binti mwenye koti jeupe na buti za mpira. Alinitazama, uso ukafunguka. "Shikamoo, mwalimu! Hunikumbuki? Ulinifundisha darasa la tano. Wewe ndiye uliyetufundisha kupima ujazo, kwa chupa na debe." Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Akaeleza utaratibu: ng'ombe aliyepandishwa garini hubana maziwa, kwa hiyo hawatakamua pale. Watamkagua ng'ombe, mwenyewe atataja kiasi anachotoa kwa siku, na mtu wa nyumbani kwake atathibitisha. Baada ya ushindi watakwenda nyumbani kwa mshindi kupima. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho. Kusema kweli mara moja tu.

Akamkagua wetu. Akafuta tope kwa kidole, akapapasa kiwele, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnyama mzuri sana huyu. Haya, mwalimu, anatoa lita ngapi?"

Nikafungua kinywa. Na hapo, nyuma ya bega lake, nikamwona mjane. Alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wake, ukingoni mwa marobota, macho yote kwangu.

"Ah," nikasema, "anajikongoja tu. Lita nne."

Niliusikia mguno wa mke wangu nyuma yangu, mdogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Nne?" afisa akauliza. "Kwa kiwele hiki?"

"Akijitahidi."

Kumbe mjane hakuweza kuvumilia. Akasogea. "Mwalimu, nne za wapi? Binti yangu, usimwandike hivyo. Mimi jirani yao, kila siku namwona mkewe na ndoo. Ng'ombe wao, mashallah, anamshinda wangu mbali. Wangu anatoa kumi na moja. Wao ndio washindi hapa."

Jamani, mwanamke yule alikuwa ananipa mashine mkononi! Alikuwa anashindana na mimi na ananitetea mimi. Hata mashallah alisema. Mimi sikusikia lolote kati ya hayo. Nilichosikia ni kwamba mwenye jicho lake ameyahesabu maziwa yangu, tena mbele ya kadamnasi, na kijasho kikanitoka.

"Wallahi," nikasema, nimeinua na kidole, "lita nne!"

Na nikajituliza moyoni kwamba sijaapa uongo. Ng'ombe ana chuchu nne. Kumi na sita gawanya kwa nne ni nne. Nilikuwa nimeapa kwa chuchu moja. Hesabu hiyo niliifanya kwa kasi ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuiona ubaoni.

Afisa alinitazama, kalamu juu ya karatasi. Nadhani alitaka kunisaidia, maana aligeuka kwa upole kwa mke wangu. "Mama, wewe ndiye unayekamua. Ni kweli ni lita nne?"

Mke wangu alinitazama. Nikatazama kwato za ng'ombe. Neno moja lingetosha, na alikuwa na haki ya kulisema, na watu walikuwa wamejaa pale wakingoja. Niliona kwa pembe ya jicho anauvuta ule mkono wake uliovimba, anauingiza chini ya kanga.

"Ni kama alivyosema mwalimu," akasema.

Ikaandikwa.

Alasiri mshereheshaji akatangaza. Alishinda mjane, lita kumi na moja. Alipita mbele kupokea bila kucheza wala kupiga vigelegele, anatembea kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Mimi nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Nitasema na hili, kwa kuwa nimeshaanza: nilifurahi. Moyo wangu ulitulia. Watu wote sasa walikuwa wanamtazama ng'ombe wa mwenzangu, na wangu alikuwa salama nyuma ya marobota. Nilikuwa nimemwokoa ng'ombe.

Tulirudi na kirikuu kile kile. Mke wangu alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na ng'ombe, mahali panaponistahili. Njia nzima nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa na majibu ya kila aina. Tulipofika alishuka, akamwekea ng'ombe maji, akanipakulia chakula, akaniambia halua ya mwaka huu haikuwa na iliki ya kutosha. Ndugu yangu, kama umeoa utanielewa: mke anayegomba unajua pa kumshika. Huyu niliogopa hata kumwomba chumvi.

Kulipopambazuka nikasikia panga. Alikuwa anakata kwa mkono wa kushoto. Pigo moja, kimya kirefu, pigo moja. Mara nyingine panga lilikosa jani likagonga kigogo kitupu. Nikabaki kitandani na mgongo wangu, nahesabu.

Kisha nikasikia hodi uani. Sauti ya mjane.

"Karibu, shoga," mke wangu akaitikia.

"Sikai. Jana jioni walikuja kupima, na ile mashine wameshaifunga kwangu. Leta majani yako tukate huko, ni dakika mbili. Mkono huo si wa kushika panga."

Nikainua kichwa kwenye mto. Nikajisemea, alhamdulillahi, mambo yamekwisha, mashine tumeipata bila kutangaza chochote. Hata nikaanza kujiona mwerevu.

"Ahsante, jirani," mke wangu akasema. "Lakini ng'ombe wa lita nne hali sana. Haya machache nitayamudu."

Nilisikiliza kama kuna kejeli ndani yake. Haikuwamo. Alilisema kama unavyomtajia mtu bei ya mchicha. Mjane naye hakubisha. Akasema haya, shoga, akaaga, nikasikia ndara zake zinakwenda. Na panga likaanza tena, pigo moja, kimya.

Ndipo likanifikia, nimelala pale chali. Mke wangu alikuwa ameamua kuua mkono wake, alfajiri na alasiri, ili mimi nisionekane mwongo mbele ya mwanamke ambaye alikwishajua kuwa mimi ni mwongo. Kiapo niliapa mimi, na aliyekuwa anakitimiza ni yeye. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nimewahi kuona haya maishani, nimefumaniwa na mambo madogo madogo kama kila mtu, lakini haya ya siku ile nilitamani nivue ngozi niitundike.

Niliruka kitandani. Mgongo haukusema kitu. Nikapita uani na msuli na singlendi, mke wangu akaniuliza, "Wendapi hivyo?" nami nikatoka mpaka barabarani. Mjane alikuwa amefika kwa muuza vitumbua, na pale palikuwa na foleni ya asubuhi, nusu ya Mabawa na vibakuli vyao.

"Jirani!" nikapiga kelele. "Kumi na sita!"

Foleni yote ikageuka.

"Ng'ombe wangu anatoa lita kumi na sita! Kwa siku! Jana niliapa uongo! Mke wangu mkono wake umekufa kwa kukata majani, na mimi mgongo wangu mzima!"

Muuza vitumbua aliacha kimoja kikaungua. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu ameota nini?" Mjane alinitazama kuanzia singlendi mpaka miguu, maana nilikuwa sina hata ndara.

"Najua, mwalimu," akasema. "Mashallah. Sasa kavae shati, ulete majani. Uyalete wewe."

Niliyaleta mimi. Nimeyaleta tangu siku ile, asubuhi na alasiri, mzigo kichwani, nyumba tatu kwenda na tatu kurudi, na kila mtu mtaani anauona mzigo na anajua ng'ombe wa namna gani hula mzigo huo. Shehe alinipa kafara ya kiapo, nilishe maskini kumi; ile hesabu yangu ya chuchu aliicheka kwanza, kisha akaikataa. Mjane huingiza majani kwenye mashine huku ananisimulia habari za ng'ombe wake, lita kwa lita, na mimi najifunza kujibu kwa namba kamili, ingawa bado najikwaa. Ng'ombe hakufa. Namnyunyizia dawa ya kupe kila juma, labda nayo imechangia.

Mkono haukupona upesi. Daktari alisema tulichelewa, na kwa miezi nilimfungulia mke wangu vifuniko vya chupa, nikamkamulia ng'ombe, nikamfunga mtandio alipokwenda harusini, vibaya, akaenda hivyo hivyo. Hakunilaumu na sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Halafu asubuhi moja nimetoka kwa mjane, nimeinama uani natua gunia la majani, mke wangu akaja akasimama mbele yangu. Akaunyoosha mkono wa kulia. Taratibu, anauma mdomo, akakunja kidole kimoja kimoja, kile kidogo kwanza, mpaka vyote vitano vikafunga. Akaitazama ngumi ile, akaisogeza mpaka puani pangu, akaiweka hapo kitambo.

Nami nikasimama hapo hapo nilipo, sikukwepa.